Sukari Niliyoambiwa Nimeiba

Nimeitwa mwizi mara moja tu maishani mwangu. Aliyeniita ni mume wangu, na kitu nilichoambiwa nimeiba kilikuwa sukari yangu mwenyewe, kwenye kabati langu mwenyewe, katika jiko nililopikia tangu nilipoolewa. Neno mwizi hakulitumia. Mtu mwenye cheo kanisani hatumii neno kama hilo. Alisema, "Mama watoto, mkono wako umekuwa mrefu." Lakini mimi nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na Kiswahili kilikuwa somo langu. Najua mkono mrefu ni nini.

Nianzie kwenye kiu. Msimu ule nilikuwa nakunywa maji hadi najionea haya. Namaliza jagi, najaza jingine, na midomo bado imekauka. Binti yangu wa kwanza, ambaye anafanya kazi ya ofisi mjini Embu, ndiye aliyenipeleka kupimwa. Daktari alikuwa kijana wa rika la wanafunzi wangu wa mwishomwisho. Akasema, "Mama, hii ni ugonjwa wa sukari. Utaacha sukari, utameza hizi dawa, halafu urudi tuone." Nikamwuliza kama nikiiacha itashuka. Akasema itashuka. Nilimwamini moja kwa moja, kama nilivyotaka watoto waniamini mimi nikiwa ubaoni.

Mtu asiyeishi kwenye miteremko hii ya Meru hawezi kujua nilichoacha. Chai yetu ni maziwa, majani, na sukari inayotiwa sufuriani ikichemka, kwa hivyo hakuna mambo ya kusema mimi nitajiwekea kidogo mezani. Ilibidi ninunue chupa ndogo ya chai ya peke yangu. Siku ya kwanza nilipoinywa bila sukari nilihisi nimepewa maji yaliyosuuziwa sufuria. Nilijikaza kisabuni. Nikienda matangani nilikataa chai. Nikienda harusini nilikataa chai na keki. Na kukataa chai ya mtu huku kwetu ni karibu sawa na kumtukana, kwa hivyo mwaka ule nilitukana watu wengi niliowapenda.

Huku tena, ukienda kumwona mgonjwa huendi mikono mitupu. Unabeba pakiti ya sukari na majani ya chai. Hiyo ndiyo salamu yetu. Akina mama wa kikundi chetu cha maombi waliposikia habari yangu walikaa chini wakapitisha kwamba kwa mwalimu hakuna kupeleka sukari tena. Walikuja wakiimba, wakaniwekea mezani walichoona kinafaa badala yake. Chupa za kile kinywaji cha zambarau cha kuongeza damu. Mkate wa brauni. Unga wa uji uliochanganywa nafaka za kila namna, tayari kwa kukoroga. "Mwalimu, hapa hakuna hata punje ya sukari," alisema mwenyekiti wao kwa fahari, na mimi nikatokwa na machozi ya shukrani. Nilimimina ile zambarau kwenye glasi mbele yao nikainywa yote.

Utamu wake niliusikia. Sitakuja hapa kudai sikuusikia. Lakini nilidhani ni utamu wa matunda, na tunda ni la Mungu. Akilini mwetu sote sukari ilikuwa ile ya pakiti, inayochotwa kwa kijiko. Kitu ambacho hakijachotewa kijiko mbele ya macho yako, basi hakina sukari. Hivyo ndivyo tulivyojua, na hakuna aliyetuambia vingine, hata yule daktari kijana.

Mume wangu naye alileta yogati. Hapa lazima nieleze kidogo. Tuna ng'ombe wa maziwa, na mzee wangu ni mwanakamati wa chama cha ushirika kinachokusanya maziwa ya wakulima wa upande wetu. Chama kina kiwanda kidogo, na kiwandani wanatengeneza yogati ya vikombe. Kila alipotoka huko jioni aliniletea kikombe kikubwa, kina picha ya stroberi mbele. Alivua kofia, akakiweka mezani, akaenda mwenyewe kutafuta kijiko. Mzee huyu hajui hata vijiko vinakaa droo gani. Alikuwa akifungua zote hadi avipate. Alisema, "Kunywa. Yogati ni maziwa, na maziwa ni chakula cha mgonjwa." Nilipendwa, na nilijua nimependwa. Kuhusu ule utamu, sikuwa nimewahi kula stroberi hata moja. Watu wanazilima huko Timau za kupeleka ng'ambo, lakini hazijawahi kufika sahanini mwangu. Nilidhani ndivyo zilivyo.

Binti yangu akaninunulia kimashine cha kupimia damu nyumbani. Unajidunga kidole, tone linaenda kwenye kijikaratasi, na namba inatokea. Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa maana namba haikushuka. Nilikuwa nimeacha chai tamu, andazi, soda, kila kitu, na namba ilikuwa inapanda. Daktari aliongeza vidonge. Ikapanda tu.

Jumamosi moja tulikuwa mezani watu watatu, mimi, mzee na binti yetu, na kimashine kiko katikati yetu.

"Mami," binti akasema, "hii namba haiwezi kutoka kwa hewa. Kama kuna kitu unakula, si utuambie tu? Hakuna mtu atakugombeza."

"Sijakula kitu."

"Mami."

"Nimesema sijakula. Unataka niapie nini?"

Mzee alikuwa akikoroga chai yake, ambayo haikuhitaji kukorogwa. Ndipo aliposema ile ya mkono mrefu. Kisha akainuka, akaenda stoo, akarudi na kufuli lililokuwa likifunga banda la kuku, akalitia kwenye kabati la sukari, akatia ufunguo mfuko wa shati. Binti yangu alitazama pembeni. Hakusema, "Baba, hapana." Mtoto niliyemfundisha kusoma kwa kidole changu, alitazama ukutani.

Tangu siku hiyo mgeni akija ilinibidi nimwombe mume wangu sukari. Kama hayupo, niliwapa wageni chai isiyo na kitu na kusingizia kwamba imeisha dukani. Niliona fedheha hadi nikaanza kutamani wageni wasije.

Lililofuata ni la wifi yangu, dada wa mume wangu. Mimi sikuzaliwa huku juu. Kwetu ni Kiambere, Mbeere, chini kwenye joto, ambako watu wanafuga mbuzi na kutundika mizinga. Tangu niolewe nimetaniwa kwa sababu ya asali, na nilikuwa nacheka. Sasa wifi alisema mbele ya kila mtu, "Hawa wa Mbeere walizaliwa mzinga uko mlangoni. Utamu uko kwa damu, mtafunga kabati ngapi?" Wakacheka. Safari hii sikucheka, na hakuna aliyeona kwamba sikucheka.

Kisha likafika kwenye maombi. Kikundi chetu hukutana Jumapili alasiri, nyumba hadi nyumba. Siku ya kwetu mzee alisimama, akakunja mikono tumboni kama anavyofanya akitaka kusema jambo zito, akasema, "Tumkumbuke mama watoto. Anapigana na mdomo wake." Hayo tu, kwa upole. Akina mama walinizunguka wakaniwekea mikono kichwani. Niliombewa niwe na kiasi. Niliombewa nishinde majaribu. Mmoja alilia. Nami nimekaa katikati, shingo imelemewa na uzito wa mikono yao, mwanamke ambaye kwa miezi yote ile alikuwa hajalamba hata kijiko.

Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Lakini baada ya hasira likaja jambo baya zaidi: nilianza kujishuku. Watu wote wanaonipenda wanasema nakula sukari, mashine inasema nakula sukari; labda nakula kweli. Nilianza kujiuliza kama naamka usingizini bila kujua. Asubuhi nilikuwa najilamba vidole kuona kama vina utamu. Mwanamke mzima, mwalimu mstaafu, analamba vidole mbele ya kioo.

Daktari akasema vidonge vimeshindwa, nianze sindano. Insulini, tumboni, asubuhi na jioni. Ile ya kwanza ya kujidunga mwenyewe nyumbani, mzee aliketi kando yangu akinishikia pamba. Aliidondosha mara mbili. Nilifikiri ni huruma, nikamwambia, "Usiogope, ni kasindano kadogo tu." Mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza.

Karibu na wakati huohuo yogati ilianza kuja kwenye kikombe kidogo. Nililiona hilo. Nikadhani kiwanda kimebadilisha vikombe kwa sababu maisha yamepanda, kama mkate ulivyokonda na sabuni ilivyokonda. Niliinywa nikamshukuru.

Ndengu za dada yangu zilipokomaa nilishuka Kiambere kumsaidia kuvuna. Dada yangu ni mjane, anaishi na mbuzi wake upande unaoelekea bwawa. Kwake tulikula ugali wa mtama, kunde, nyama ya mbuzi siku jirani alipochinja, na maziwa yaliyolala kwenye kibuyu hadi yakachacha. Hakuna mkate. Hakuna pakiti ya chochote. Chai tulikunywa bila sukari, kwa sababu dada anasema sukari inamharibia ladha ya maziwa ya mbuzi. Kulikuwa na asali, ndiyo. Ndoo nzima ilikuwa kwenye kona, ina kifuniko cha plastiki, na nililala chumba kimoja nayo.

"Hata kuonja?" dada akaniuliza. "Hii ni ya mizinga ya baba. Umekuwa mtu wa milimani mpaka unadharau asali ya kwenu?"

"Nikionja nitakuwa nimewathibitishia," nikamwambia.

"Nani?"

Nikamsimulia yote. Dada akasema, "Mimi nimekulia na wewe. Ungekuwa unaiba ungesema umeiba na ungemwambia mtu afanye atakalo." Nililia pale juu ya gunia la ndengu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniamini, na nililazimika kusafiri hadi nilikozaliwa ili nimpate.

Namba kwenye kimashine ilianza kushuka. Ilishuka hadi nikaogopa, nikampigia daktari simu, akaniambia nipunguze kipimo cha sindano. Sikujizuia. Nikampigia mzee, nikamwambia kwa furaha, "Imeshuka! Imeshuka kabisa!" Akacheka, akasema, "Si huko kwenu duka liko mbali. Hakuna pa kuchukua."

Yaani ushahidi wangu wenyewe ukageuzwa ukanifunga. Nilizima simu nikabaki nimeishika tu mkononi.

Lakini kicheko kile kilikuwa kimekaa vibaya. Nimeishi na mtu huyu tangu akiwa na nywele zote kichwani. Najua vicheko vyake. Hicho sikukijua. Na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nawaza jambo moja, kwamba kama kwa dada sikuacha kitu chochote ambacho nilikuwa nakula kwa siri, kwa sababu sikuwa nakula kitu kwa siri, basi nilichoacha ni kile nilichokuwa nakula waziwazi.

Nimefundisha sayansi pia. Unabadilisha kitu kimoja, mengine unayaacha yalivyo, unatazama. Nilipofika nilijipikia kama kwa dada, nikala hivyo hadi namba ikatulia. Kisha nikarudisha kitu kimoja kimoja. Mkate wa brauni uliipandisha. Ule uji wa nafaka za kila namna uliipandisha zaidi, na nilipotia unga wake mkavu ulimini niliusikia ukikwaruza, punje zenyewe zikiyeyuka. Ile zambarau ya kuongeza damu, wacha tu. Nilikaa jikoni nikiwa nimeshika chupa, nikikumbuka nyimbo zilizoileta.

Nikabakisha yogati kuwa ya mwisho. Sikutaka iwe yogati. Nilifungua kikombe nikatia kijiko, na ulimi wangu, ambao ulikuwa umepumzika Kiambere, uliisikia sukari kabla ya kitu kingine. Si tunda, si maziwa. Sukari tupu. Nikavaa miwani nikageuza kikombe. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, na sukari ilikuwa imeandikwa mara tu baada ya maziwa. Nilipojipima baadaye, namba ilikuwa ileile iliyoniletea kufuli.

Niliudhika, lakini pia, niseme ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Sasa nilikuwa na jibu. Tulikuwa tumechezewa sote, mimi na mzee na akina mama, tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na watu wasiotujua. Nilitoka mbio kumwambia. Nilitaka tukasirike pamoja.

Alikuwa zizini akikamua, amekaa kwenye kigoda, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe. Nikasimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Mzee, ni hii," nikasema. "Si mimi. Ni hii yogati."

Nilingoja ashtuke. Nilingoja aseme, "Yogati? Haiwezekani." Aliendelea kukamua. Maziwa yalikuwa yakigonga ndoo, shu, shu, na hakuinua kichwa.

"Nilitaka kukwambia," akasema.

Sikuelewa mara moja. Akili yangu ilikataa kuelewa. Nikamwuliza, "Kuniambia nini?"

Ndipo akasema, akiwa bado amemgeukia ng'ombe. Kwamba walikuwa na mkutano wa kamati, na magunia ya sukari yalikuwa yamechelewa, na meneja akawaambia kiwanda hakiwezi kutoa yogati bila yale magunia kwa sababu ile isiyo tamu maduka yaliirudisha. Kwamba magunia yale alikuwa akiyaona yakishushwa tangu kiwanda kifunguliwe, hata siku nyingine akasaidia kuyapanga, na hakuwahi kuunganisha moja na jingine. Sukari ya kiwandani ilikuwa mambo ya kiwandani. "Siku hiyo mkutanoni ndipo iliponijia," akasema. "Nikakufikiria wewe."

"Mkutano wa lini?"

Akataja. Ilikuwa baada ya yale maombi ya nyumbani kwetu. Ilikuwa kabla ya sindano.

Niliketi kwenye majani ya ng'ombe, na nguo yangu safi. Kabla ya sindano. Alinishikia pamba akijua. Alicheka kwenye simu akijua. Nikamwuliza kwa nini, basi, aliendelea kuniletea, na jibu alilonipa nimelibeba hadi leo. Alisema, "Ningeacha kukuletea, ungeniuliza kwa nini nimeacha."

"Ndiyo ukapunguza kikombe?"

"Ndiyo nikapunguza."

"Kwa nini hukusema tu?"

Hapo akainua kichwa. "Nilikuwa nimeshasimama mbele ya watu, mama watoto. Nimeshakuombea. Ningewaambia nini?"

Watu wananiambia alikuwa mjinga tu, kwamba wanaume ndivyo walivyo, wanaogopa aibu kuliko kifo. Sawa. Lakini kifo alichokuwa akikiogopa kidogo kuliko aibu hakikuwa chake. Kilikuwa changu. Niliondoka pale, nikaingia jikoni, nikatafuta cha kufanya na mikono yangu, nikaishia kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alikuja nyuma yangu, ndoo mkononi, akasema atarekebisha. Kikundi kilikuwa kinarudi kwetu Jumapili iliyokuwa ikija. Akasema atasimama mahali palepale aliposimama na atasema. Nikamwambia nataka jambo hilo tu na sitaki lingine: aliyonisingizia mbele ya watu, ayaondoe mbele ya watu, yote. Akasema, "Yote." Siku zilizobaki tuliishi kwa adabu, kama wapangaji wawili wanaotumia jiko moja.

Jumapili wakaja. Nyumba ilijaa; hata wifi alikuja, na binti yangu akapanda kutoka Embu. Nilipika viazi vikuu na nikaweka chai za aina mbili. Baada ya nyimbo mzee akasimama, akakunja mikono tumboni.

"Bwana asifiwe," akasema. "Sukari ya mama imeshuka."

Wakapiga makofi. Akangoja yaishe, akasema tumepata sababu, na sababu si mama. Sababu ni hivi vyakula vya kununua. "Hawa watu wa viwanda ni wakora! Wanakuuzia sukari kwa picha ya tunda, na wewe maskini unafikiri unampa mgonjwa chakula!"

Chumba kikawaka. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema juisi za watoto, mwingine akasema siagi ya karanga, mwingine akasema hata nyanya za kopo. Mwenyekiti wa akina mama, yule aliyeniletea ile zambarau, alivuka chumba akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono. "Mwalimu, utusamehe. Tulikuletea sumu tukiimba, na tena tukakuombea kama mlevi." Nilimwinua nikamkumbatia, na nikamsamehe hapohapo, kwa sababu alisema jambo lote na hakubakisha. Binti yangu alikuwa analia kwenye kona. Wifi aliangalia kikombe chake.

Mzee ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Aliwalaani watu wa viwanda kushoto na kulia. Kiwanda chake hakukitaja. Mkutano wa kamati hakuutaja. Nilikuwa nimemkazia macho, nikingoja amalizie, na kila aliposita kuvuta pumzi nilisema moyoni, sasa, sasa atasema. Akapangusa paji la uso kwa kitambaa.

"Basi," akasema, "tuombe."

Watu wote wakainamisha vichwa. Yeye pia akafumba macho, na uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Ngojeni kidogo," nikasema. "Mzee hajamaliza."

Vichwa vikainuka. Mzee akafumbua macho akaniangalia, na kwa sauti ya chini ambayo ni mimi tu niliyezoea kuisikia, akasema, "Mama watoto. Tafadhali."

Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwa amewahi kuniambia tafadhali mbele ya watu. Nilimwonea huruma, huruma ya kweli, kwa sababu nampenda mtu huyu hata sasa. Kisha nikasimama, nikawaambia alijua lini.